Siku 19 si kidogo

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale ulipoandika "basi, mimi sina nia" nimeumia. Umekaa siku 19 bila sigara. Asiye na nia hafiki huko.

Hebu turudi kwenye ile siku ya 20. Unasema wenzako wa kazini walitoka nje kupumzika, nawe ukatoka nao kama kawaida. Mmoja akakunyooshea pakiti huku anaendelea na maneno yake, mkono ukapokea kabla kichwa hakijaamua. Wewe hapo unauona udhaifu wako. Mimi nawaona watu watano wamesimama duara, kiberiti kinapita mkono kwa mkono, na katikati yao wewe unapambana peke yako, maana hakuna hata mmoja uliyemwambia kwamba unaacha.

Nami nilianza hivyohivyo. Mara mbili nilijaribu kimyakimya, nikihofia aibu ya kushindwa, na mara zote mbili nikarudia. Mara ya tatu mke wangu naye aliacha, siku ileile. Kisahani cha majivu kikaondoka mezani, na usiku hamu iliponibana palikuwa na mtu macho kama mimi, anajua ninachopitia.

Baadaye nikakutana na utafiti wa Nicholas Christakis na James Fowler, uliotoka mwaka 2008. Walichambua kumbukumbu za watu zaidi ya 12,000 wa Framingham, Marekani, za tangu 1971 hadi 2003. Mume au mke akiacha sigara, uwezekano wa mwenzake kuwa mvutaji ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, asilimia 36. Makundi mazima ya watu yaliacha pamoja. Nilihisi kama wameandika habari za nyumba yangu.

Mwili nao una madai yake, sikatai. Nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu awe mraibu, ikikatika, siku chache za mwanzo ndizo kali zaidi, na hizo ulishazivuka. Safari hii muulize daktari kuhusu viraka vya nikotini vya kubandika ngozini, vinapunguza makali. Kilichokuangusha wewe lakini ni mazoea ya saa ile na mahali pale. Amua kabisa kabla hujafika kazini: wakitoka nje, mimi nakwenda kujaza chupa ya maji. Uamuzi mdogo wa namna hiyo ulinisaidia kuliko viapo vyote nilivyowahi kula.

Halafu chagua mmoja kati ya wale watano, yule unayemwamini, umwambie wazi kwamba unaacha na umwombe asikupe hata ukimwomba. Huenda naye anatamani kuacha ila hajapata wa kuanza naye.

Mimi nitakupigia kila jioni saa moja, wiki mbili mfululizo. Ukiwa umevuta, sema umevuta, sitakukaripia. Niandikie tu siku utakayoanza tena.

Wako daima,
Rafiki yako