Barua kwa wanawake wa chama chetu, Bondeni, Nakuru

Wanangu,

Jumamosi iliyopita mmoja wenu alileta mchango pungufu, akasema mtoto alikuwa mgonjwa. Sikumuuliza neno. Mimi nilisema hivyo hivyo kwa miaka 11, na mtoto wangu alikuwa mzima. Baba yake ndiye aliyekuwa amepita na hela ya unga, akainywea pombe.

Nilikuwa naijua hali yake kwa mlio wa komeo la geti. Likifunguka mara moja, tutalala salama. Nikisikia anapapasa, naondoa sufuria ya moto jikoni na kuwaambia watoto wajifanye wamelala. Asubuhi natuma ujumbe kwa bosi wake: ana malaria. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mtu mwingine, nikadhani ndio upendo.

Najua mnayoambiwa na mawifi: ungempikia vizuri, angerudi mapema. Msiyabebe maneno hayo. Ulevi ni ugonjwa. Hukumtia, na huwezi kumtoa kwa machozi wala kwa kumwaga chupa kwenye sinki. Nilimwaga nyingi. Chang'aa ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwetu.

Kuna kosa langu moja ambalo nawaomba msilirudie. Ijumaa moja nilimfungia chumbani ili pombe imtoke. Jumamosi alitetemeka hadi uji ukammwagikia kifuani. Jumapili usiku alikuwa akipangusa ukutani siafu ambao hawakuwepo, kisha degedege ikamshika. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, akikatizwa ghafla, siku za mwanzo zinaweza kumuua. Apelekwe hospitali, wampe dawa na kumwangalia. Msimfungie, hata kama ni kwa maombi.

Aliacha, akarudia, akaacha tena. Mimi sikupona siku aliyoacha. Komeo likilia bado moyo ulinidunda, na hasira niliyokuwa nimeimeza ikaanza kuwatokea watoto. Baadaye ndipo niliposikia habari za Lois Wilson wa Marekani. Mumewe, Bill, alikuwa miongoni mwa walioanzisha AA, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, mwaka 1935, na alikuwa ameacha kabisa. Lakini siku moja Lois alimrushia kiatu kwa hasira. Hapo akatambua kwamba naye anahitaji kupona. Mwaka 1951 yeye na mwenzake wakaanzisha Al-Anon, ambako ndugu wa walevi hukaa pamoja na kusemezana. Niliposikia hivyo nililia, maana nilidhani mwanamke wa namna hiyo ni mimi peke yangu.

Namba ya NACADA, shirika la serikali linalopambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haikatwi pesa. Si lazima mlevi mwenyewe apige. Piga wewe, usemezane na mshauri kuhusu usingizi wako na watoto wako. Na akikuinulia mkono, chukua watoto utoke usiku huo huo. Mlango wangu mnaujua.

Jumamosi tukimaliza kuhesabu mchango, tutabaki. Watoto watacheza kwa jirani, nitaweka chai. Anayetaka kusema atasema, anayetaka kunyamaza atanyamaza, na litakalosemwa halitavuka kizingiti. Nawe uliyeleta pungufu, njoo hata mikono mitupu.

Mama yenu