Mama mdogo, usifunge kizibo mapema

Minneapolis, Januari

Shikamoo mama mdogo,

Juzi kwenye simu nilikujibu juu juu, nilikuwa naingia kazini. Leo nimekaa, nakueleza vizuri ulichoniuliza, jinsi ninavyotengeneza waini ya juisi nyumbani.

Huku juisi huuzwa ikiwa imepunguzwa maji na kugandishwa, kwenye kopo dogo la mililita 340 hivi. Nachukua makopo 2 ya zabibu, sukari nusu kilo na hamira ya waini, kisha naongeza maji hadi ifike galoni ya huku, yaani lita 3.8. Hamira ya mkate nayo huchachusha, ila waini inabaki na harufu ya unga. Kizibo nakitoboa, napitisha mpira mwembamba, ncha ya pili naizamisha kwenye kikombe cha maji. Hewa inatoka, ya nje haiingii. Siku ya pili mapovu yanaanza kupanda kikombeni, moja moja, halafu mfululizo. Usiku nikiwa peke yangu nayasikiliza kama mvua inayoanza juu ya bati kule Nyegezi.

Mara ya kwanza hayakupanda kabisa. Juisi ilikuwa na dawa ya kuhifadhi, iitwayo potassium sorbate, ambayo haiachi hamira izaliane. Kwa hiyo za boksi za dukani ziache, kamua mananasi yako ya Geita. Yanapojaa sokoni hadi yanaozea chini, moyo huwa unaniuma hata nikiwa huku.

Vyombo vyote uvichemshie maji. Joto la Mwanza nalo ni kali kwa hamira. Weka dumu ndani ya beseni la maji, chumba cha nyuma, sakafuni. Mapovu yakiisha, vuta waini kwa mpira taratibu, mashapo uyaache chini, kisha uiache itulie wiki nyingine kadhaa.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliona kimya, nikajaza chupa na kuzifunga. Sukari ilikuwa bado haijaisha, hamira ikaendelea kutoa hewa ndani ya chupa. Usiku wa manane chupa 2 zilipasuka kabatini, vioo vikafika hadi mlangoni. Nikawaza watoto wako wanavyolala karibu na kabati lako la jikoni, nikakosa usingizi.

Binamu anakuja Machi, nitampa hamira. Pakiti moja ya gramu 5 inatosha lita 20. Dumu likinyamaza nipigie kwanza, hata kama huku ni usiku.

Mwanao