Kabla hujampa mtu mgongo

Mwanangu Salim,

Salamu kutoka St. Louis. Sisi hatujambo, ila baba yako na goti lake ni yale yale.

Picha yako nimeiona. Wewe na wenzako kwenye jukwaa la kulia pale Yankee Stadium, mmempa mgongo Juan Soto, mchezaji wa baseball aliyeiacha Yankees yenu akaenda Mets, timu nyingine ya New York, na chini umeandika "msaliti". Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tunaishia kubishana.

Hebu niambie, baba, amekusaliti lini? Yankees kacheza msimu mmoja tu, wa 2024. Kwanza alikuwa timu ya Washington, akachukua nao World Series, yaani ubingwa wa baseball, ya 2019. Mwaka 2022 wakampa ofa ya dola milioni 440 kwa miaka 15, akakataa, na muda si mrefu wakampeleka San Diego, kijana wa miaka 23. San Diego nao wakampeleka New York. Safari zote mbili zilipangwa na wenye timu. Tangu afike ligi kuu, Desemba 2024 ndiyo mara ya kwanza alipochagua timu mwenyewe, na kuchagua kwenyewe ndiko mlikomwitia msaliti.

Utasema Yankees walimpa milioni 760 na Mets 765, tofauti gani hiyo? Piga hesabu vizuri. Za Yankees zilikuwa za miaka 16, za Mets miaka 15, kwa hiyo kila msimu anapata zaidi kwa milioni tatu na ushei. Pesa za namna hiyo mimi hata sizielewi. Ila najua kama asingezichukua yeye zingebaki kwa tajiri mwenye timu, na tiketi yako isingeshuka hata senti.

Albert Pujols, nyota wa Cardinals yetu ya hapa St. Louis, alipotuacha ulikuwa mtoto. Jezi yake namba 5 uliivua ukaisukumia chini ya kitanda, na ukakataa kula. Alikuwa ametuchezea misimu 11, World Series ya 2006 na ya 2011, halafu Desemba ile ile ya 2011 akasaini timu ya Angels, miaka 10, milioni 240. Mji mzima ulinuna. Lakini Cardinals nao walikuwa wamepiga hesabu zao: mchezaji anakaribia miaka 32, bei yake hiyo hawaitaki. Kwa kanuni za wakati ule walifidiwa kwa nafasi ya Angels ya kuchagua mchezaji kijana anayeingia ligi, wakamchukua Michael Wacha, na 2013 huyo Wacha akatufikisha World Series. Sikumsikia mtu akiwaita wasaliti. Hao tuliwaita werevu.

Juni 2019 Pujols alikuja hapa na jezi ya Angels. Kila alipokwenda kupiga, uwanja ulisimama. Jumamosi akaupeleka mpira jukwaani, dhidi yetu sisi, na watu wakashangilia mpaka akalazimika kutoka tena kusalimia. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: 2022 alirudi nyumbani kwa mkataba wa mwaka mmoja, milioni 2.5 tu, akastaafu akiwa amepeleka mipira 703 nje ya uwanja.

Na kuna mwingine wa mji huu ambaye shuleni sidhani kama walikufundisha, Curt Flood. Alidaka mipira ya nyuma katikati hapa Cardinals misimu 12. Oktoba 1969 akaambiwa ameshapelekwa Philadelphia. Enzi hizo klabu ilimshika mchezaji mpaka itakapomchoka. Flood akamwandikia barua mkuu wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila ridhaa yake, akaacha mshahara mnono, akaenda mahakamani. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkatalia, majaji watano kwa watatu, na uchezaji wake ukawa umekwisha. Mlango wa mchezaji kujichagulia timu ulifunguliwa Desemba 1975, wakapita wenzake. Hata leo mchezaji hawi huru mpaka atimize miaka sita ligi kuu, na wengi hawafiki huko. Waulize wajomba zako wa Ilala habari za Feisal Salum na Yanga. Watakwambia kutoka kwenye klabu inayokupenda kulivyo kazi.

Na wewe? Kampuni iliyokupa kazi ya kwanza hapa uliiacha kwa mshahara wa New York, na tukakufanyia sherehe. Mimi niliacha nyumba ya wazee kwa nyongeza ya dola mbili kwa saa. Bibi mmoja niliyekuwa namwogesha alinishika mkono akalia. Alikuwa na haki ya kulia, na mimi nilikuwa na haki ya kuondoka.

Kwa hiyo sisemi usiumie. Zomea upendavyo, tiketi umelipia. Ila angalia tunamzomea nani. Watu wa Oakland walipiga kelele mwenye timu aiuze, akaziba masikio, na baada ya msimu wa 2024 timu hiyo, A's, ikahamia West Sacramento, ikisubiri kwenda Las Vegas. Tajiri hakai karibu na jukwaa. Mchezaji ndiye anayefikiwa na sauti zetu, basi hasira zote zinamwishia yeye.

Mets wakija huku nitakukatia tiketi, uje umwone Soto uso kwa uso. Kofia ya Yankees iache huko huko, baba yako hataki kuiona mezani kwake.

Mama yako