YAH: MALALAMIKO KUHUSU HUDUMA YENU KATIKA TAMASHA LA MUZIKI WA SAMUEL COLERIDGE-TAYLOR

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Ukodishaji wa Vifaa vya Matamasha,
Dar es Salaam.

25 Agosti 2025

Ndugu Meneja,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Kamati ya maandalizi inakusalimu. Mkataba mnao, orodha ya vifaa mnayo, na masharti yenu ya huduma mmeyabandika wenyewe ukutani pale mapokezi, kwa hiyo hatutapoteza karatasi kuyanakili. Tunaomba mambo mawili: mturudishie fedha za piano, na mtupe maelezo ya maandishi juu ya kilichofanyika jukwaani usiku wa Ijumaa tarehe 15 Agosti. Tunawapa siku 14.

Tuanze na hilo la Ijumaa, maana ndilo limetukaa kooni.

Saa 3:40 usiku, wapigaji tisa wakiwa katikati ya sehemu ya pili ya Noneti ya F maina (kazi yake ya ala tisa), ile ya taratibu, msimamizi wenu wa jukwaa alipanda kwa ngazi za kushoto, redio koli ikikoroma kiunoni, akapita mbele ya mpiga obo na kumgusa mpiga piano begani. Hakunong'ona. Alisema, na ukumbi mzima ukasikia: "Mama, malizieni hapo. Vifaa vinasubiriwa kwenye sendofu Mbezi. Kwani huyo mtunzi si alishakufa? Mtampigia siku nyingine." Taa za jukwaa zikazimwa. Muda wetu ulikuwa hadi saa 5:00 usiku. Imeandikwa kwenye mkataba, na sahihi iliyo chini yake ni yako.

Ndiyo, alishakufa. Samuel Coleridge-Taylor alifariki Croydon, kusini mwa London, tarehe 1 Septemba 1912, kwa nimonia, akiwa na miaka 37. Noneti hiyo aliiandika akiwa mwanafunzi wa Royal College of Music, hajatimiza miaka 20, na haikuchapishwa katika uhai wake. Tulichagua Ijumaa ile kwa sababu ilikuwa imetimia miaka 150 kamili tangu azaliwe. Kusimamisha tamasha lake kwa hoja kwamba amekufa ni kama kuvunja arobaini ya mtu kwa kuwa mwenyewe hajahudhuria.

Sasa piano. Tulikodi piano ya mkia ya futi 7, ifike Jumatano, ityuniwe Alhamisi, irudiwe Ijumaa alasiri taa za jukwaa zikiwa zimewashwa. Mliileta Ijumaa saa 5 asubuhi, moja kwa moja kutoka ghala lenu lenye kiyoyozi, mkaiingiza kwenye ukumbi wenye madirisha wazi upande wa bahari. Dereva wenu alitwambia "piano ni piano, mama, mradi inalia." Kwa kampuni inayotoza bei hiyo, hatukutegemea kuwafundisha yafuatayo.

Ndani ya piano kuna zaidi ya nyuzi 200, na mvuto wake ukijumlishwa ni tani nyingi. Zote zinalala juu ya ubao mwembamba wa mbao laini, na ubao huo unakunywa unyevu. Ukitoka kwenye hewa kavu ya kiyoyozi ukakutana na hewa ya pwani, unavimba, unasukuma juu madaraja yanayobeba nyuzi, nyuzi zinakaza. Hazikazi sawasawa: sauti za kati hupanda zaidi, besi na zile za juu kabisa hubaki nyuma. Ndiyo maana piano huachwa ikae kwanza, ndipo fundi aiguse. Siku mbili tulizoziweka kwenye mkataba hazikuwa mapambo.

Fundi wenu, ambaye hatuna ugomvi naye, aliipima akakuta noti ya A ya kati iko herzi 434 badala ya 440. Hiyo ni karibu robo ya nusu toni. Piano iliyoshuka kiasi hicho haipandishwi kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kila uzi unaoukaza unaongeza mzigo kwenye ubao na zile ulizokwisha kuzikaza zinalegea. Unapita mara ya kwanza kwa haraka kuipandisha yote, unaiacha itulie, kisha unapita tena kwa utulivu na vipande vyako vya feliti, uzi mmoja mmoja. Mara hiyo ya pili peke yake inataka saa moja na nusu hadi mbili za kimya kabisa, kwani fundi anasikiliza mawimbi madogo kati ya nyuzi mbili mpaka yaishe. Alipata kimya gani? Vijana wenu wa sauti walikuwa hatua chache kutoka kwake wakijaribu spika za besi kwa singeli. Alipita mara moja tu, akafunga mkoba wake, akatwambia wazi kwamba haitafika jioni. Haikufika.

Saa 1 usiku sauti za kati zilikuwa zimepanda na za juu zimeshuka, oktava hazikubaliani. Penye piano, piano ndiyo inayotoa A, noti ambayo ala zote hulinganishwa nayo. Wengine wote wanaifuata. Violini, viola, selo na besi kubwa zinaweza kukaza au kulegeza uzi. Klarineti inavuta kiungo cha juu milimita chache, na hata hapo noti za koo, zile zinazotoka karibu na kiungo hicho, zinashuka kuliko nyingine. Obo haina pa kuvuta. Mnapoleta piano isiyokubaliana yenyewe kwa yenyewe, hakuna A ya kufuata. Kwinteti ya klarineti iliyotangulia ilisalimika kwa sababu moja tu: haina piano.

Mngurumo nao. Taa na sauti mlizichomeka kwenye fezi moja, mixa ikachukua umeme soketi ya nyuma na spika soketi ya mbele, ikawa mngurumo wa umeme wa herzi 50 unatoka kwenye spika usiku kucha. G ya chini ya besi kubwa ni herzi 49. Kila mpigaji alipoigusa noti hiyo, ilipigana na mngurumo wenu pigo moja kila sekunde, mpaka watu wa viti vya mbele wakageuka kutafuta kinachotikisika. Jenereta, ambayo ilipaswa kuwa mbali, ilikuwa chini ya dirisha.

Na hizo spika ziliwekwa kwa ajili gani? Ukumbi wa watu 300 hauhitaji spika kwa ala tisa. Tuliomba maikrofoni mbili tu za kurekodia, zikae pamoja juu kwenye stendi ndefu, kama mita tatu. Mlileta tisa za kuimbia, moja mbele ya kila mpigaji, zote wazi. Ile ya klarineti ilipiga filimbi mara tatu. Ile ya piano ndiyo iliyobeba maneno ya msimamizi wenu hadi mlango wa nyuma.

Viti tuliviandika kwa herufi kubwa: VISIVYO NA MIKONO. Vilikuja vile vya plastiki vyenye mikono, vya msibani. Mpiga selo hawezi kukaa humo; upinde wake unagonga mkono wa kiti kila anapovuka kwenda uzi wa C. Alikalia sanduku la vifaa vyenu.

Yote hayo tungeyaandika kwa kalamu baridi kama si mabango na programu, ambazo pia mlilipwa kuchapa. Tuliwapa jina sahihi na picha sahihi. Mlichapa "Samuel Taylor Coleridge", mkaweka sura ya mshairi Mwingereza aliyezaliwa 1772 na kufa 1834. Ni kweli mtunzi wetu alipewa jina kwa kumkumbuka mshairi huyo. Lakini huyu wetu baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone. Huyu wetu alikwenda Marekani mara tatu, mwaka 1904 akapokewa Ikulu na Rais Roosevelt, na mwaka 1905 akachapisha nyimbo 24 za watu weusi kwa piano, zikiwemo za kusini mashariki mwa Afrika. Tamasha zima lilikuwa la kumrudishia mtu huyo uso wake, nanyi mkamvisha wa mwingine, nakala 500. Ofisi yenu ya usanifu ilijibu kwamba picha hiyo "ndiyo inayotoka kwanza kwenye intaneti" na kwamba "jina si ni lile lile?" Hapana, ndugu Meneja. Si lile lile.

Jumamosi, siku ya pili ya tamasha, mlifika kwa kuchelewa, bila shaka mkitokea kwenye hiyo sendofu. Ngazi za kwaya zilikuwa tatu badala ya nne, kina chake sentimita 40 badala ya 60, bila kizuizi nyuma. Mtu mzima aliyevaa viatu hasimami kwa raha nusu saa kwenye sentimita 40. Sauti ya nne yote ikashuka kusimama sakafuni nyuma ya sauti ya pili, haimwoni mwalimu, na "Hiawatha's Wedding Feast" ya Coleridge-Taylor ni kazi ambayo kwaya haipati pa kupumzika isipokuwa kwenye solo ya teno. Wanakwaya hao waliijifunza kwa solfa, kama kwaya za Waingereza zilivyofanya zamani. Novello, wachapishaji wa muziki wa London, waliichapa pia kwa solfa. Waliimba vizuri kuliko mlivyostahili kusikia.

Kazi hiyo hiyo Coleridge-Taylor aliiuza kwa Novello kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15 za wakati huo, moja kwa moja, haki zote. Ikaimbwa Uingereza nzima. Ukumbi mkubwa wa London, Royal Albert Hall, iliujaza watu karibu kila mwaka kati ya 1924 na 1939. Kwa mauzo yote hayo yeye hakupata mrabaha. Tunalitaja hili ili mwelewe kwa nini kamati hii haina hamu ya kupunjwa kwa jina lake.

Turudi Ijumaa, maana Meneja wenu wa Shughuli alisema kwenye simu kwamba "kulikuwa na kutoelewana kidogo kuhusu muda." Hakukuwa na kutoelewana. Sehemu ya pili ilikuwa inaendelea, piano na nyuzi pamoja, honi imeshika noti moja ndefu. Msimamizi wenu akapanda. Alimgusa begani mama mwenye umri wa kumzaa, mikono yake ikiwa juu ya vitufe, mbele ya wanafunzi wake waliokaa safu ya tatu. Akasema aliyoyasema kuhusu marehemu, akacheka. Mpiga piano hakuacha. Taa zikazimwa. Violini ikaenda kwa kukisia, ikakata, klarineti ikafuata, fagoti, obo. Besi kubwa ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Watu wakawasha tochi za simu ili wapigaji waendelee, na hapo kijana wenu mwingine akapiga magoti chini ya piano, kati ya miguu ya mama yule na pedali, akaanza kuvuta nyaya. Kati ya miguu yake na pedali. Zilikuwa zimebaki dakika kama 15 kazi iishe, na zaidi ya saa nzima ya muda tuliolipia.

Kwa kuwa tumeyaandika yote hayo na tumeyasoma upya, maombi yetu ya mwanzo yanaonekana madogo mno. Yabadilishwe kama ifuatavyo. Mrudishe fedha zote za mkataba, siyo za piano pekee. Salio la asilimia 30 hatulipi, na ankara yenu ya tarehe 18 Agosti tunairudisha pamoja na barua hii. Mfidie viingilio vya Ijumaa, ambavyo tumeanza kuwarudishia watu kutoka mifukoni mwetu. Mchape upya programu 500 zenye jina lake na picha yake. Mtoe tangazo la kuomba radhi kwenye kurasa zenu zote, pale pale mlipolirusha lile bango, likimtaja kwa jina kamili. Msimamizi wa jukwaa afike mwenyewe kumwomba radhi mpiga piano, bila redio koli.

Barua ya "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza" hatutaipokea. Rekodi ya usiku ule tunayo, kwa sababu maikrofoni zenu tisa zilirekodi kila neno, na fundi wenu wa piano amekubali kuandika alichokipima. Msipojibu, mkataba, rekodi na bango vitafika Tume ya Ushindani, kisha mahakamani, na viongozi wa kila kwaya ya mkoa huu watapata nakala kabla ya msimu wa Krismasi, ambao tunajua mnautegemea.

Siku 14 zilizotajwa hapo juu zisomeke siku 7.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Maandalizi ya Tamasha

Nakala: Mwanasheria wa Kamati
Nakala: Mpiga piano
Kiambatanisho: ankara yenu, haijalipwa, bango moja, picha isiyo yake