Simba kwenye kiko sio jina la fundi

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu hizi makala za vitu vya kale, hasa zikigusa viko vya tumbaku. Picha zinakuwaga nzuri, bakuli linang'aa, mdomo mweusi tii, halafu chini yake maelezo yameandikwa kwa kujiamini kabisa kwamba hiki ni kiko cha fundi fulani wa mwaka fulani, ukifuatilia wamejuaje unakuta ni kwa sababu kina pete ya silva yenye simba na nanga. Jamani. Yule simba anayetembea sio nembo ya mtu, anasema tu kwamba silva ni ya kiwango cha sterling, yani sehemu 925 kwa kila 1000, na nanga ni alama ya ofisi ya Birmingham iliyoipima, kingekuwa kichwa cha chui ingekuwa London. Hapo hamna anayemtaja aliyechonga mti.

Mwenye jina kwenye pete ni zile herufi mbili tatu ndani ya kijiboksi, na hata huyo ni aliyepeleka silva ikapimwe, basi. Kuna wakati ni watengeneza viko wenyewe, mfano Barling walikuwa mafundi wa silva kabla hawajawa watu wa viko na alama yao ya EB juu ya WB unaikuta kwenye pete zao, ila kuna wakati ni sonara tu aliyekuwa anauzia pete karakana kadhaa. Na kuna wakati pete haikuwepo kabisa kiko kilipozaliwa, shina (ile shingo inayotoka kwenye bakuli) lilipasuka miaka mingi baadae mtu akaenda kukivalisha pete kuziba ufa, sasa wewe unasoma herufi ya mwaka kwenye pete (ile iliyogongwa kuonyesha mwaka silva ilipopimwa) unajipa umri wa kiko kumbe umesoma umri wa matengenezo! Halafu hiyo herufi ya mwaka nayo inajirudia, ikizunguka miaka 20 au 25 hivi inaanza upya, kinachotofautisha ni mwandiko wake na umbo la kijifremu kilichoizunguka. Anayesema "nimeona herufi k" bila kusema k ya namna gani hajasema kitu.

Nikeli ndio balaa zaidi. Peterson, watengeneza viko wa Dublin, kwenye viko vyao vyenye pete ya nikeli waligonga mbwa wa kuwinda, jani la shamrock na mnara, vimepangwa kwa mstari mmoja utadhani mihuri ya silva kweli. Ni mapambo yale, hayana mwaka wala ofisi.

Mi nasema anza na mti. Shika kiko, geuza shina upande wa kushoto, kulia, na chini, tochi iwe inamulika kwa ubavu sio kwa juu, maana mwanga wa juu unafuta maandishi na wa ubavu unayaamsha. Hapo ndo utaona jina la kampuni, namba ya umbo, na jina la nchi, na jina la nchi watu wanalidharau wakati linasema mengi. Kiko cha Peterson kilichoandikwa Irish Free State hakiwezi kuwa kabla ya 1922 kwa sababu nchi ya jina hilo haikuwepo, na kikiandikwa Republic of Ireland ujue ni 1949 au baada ya hapo. Marekani nao walipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890 iliyodai bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka, ndo maana kiko kikiwa na neno England au France limesimama peke yake unapata pa kuanzia.

Kuhusu Dunhill, watengeneza viko wa Uingereza, nukta nyeupe kwenye mdomo wa viko vyao kila mtu anaijua, tatizo ni kwamba watu wanaishia hapo. Mdomo unabadilishwa Mhariri, unavunjika unawekwa mwingine, kwahiyo nukta inaweza kuwa imekaa kwenye shina lisilo lake. Kwa Dunhill angalia mwisho wa neno England, kuna tarakimu ndogo imepigiwa mstari chini, hiyo ndo ya mwaka, ila tarakimu hiyohiyo inarudi miongo tofauti na ndio maana namba ya hataza (patent) iliyopigwa pembeni ina kazi. Na ukiona nukta nne za bluu usianze kusema Dunhill wa aina nyingine, huyo ni Sasieni, alikuwa mfanyakazi wa Dunhill kweli lakini akatoka akaanza vya kwake mwaka 1919. Comoy's, kampuni nyingine ya viko, nao C yao ya zamani kwenye mdomo ilikuwa vipande vitatu vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine, ukiweka lenzi unaona maungio, za baadae hamna ufundi huo.

Hata jina lenyewe linaweza kukudanganya. Karakana moja ilikuwa inatoa viko kwa majina kibao, vile vizuri kabisa vinapewa jina la karakana yenyewe na vyenye kasoro ndogo kwenye mti vinapewa jina lingine, kwahiyo unakuta kiko chenye jina usilolijua kimetoka mikono ileile, na hapo namba ya umbo ndo inasaidia kukirudisha kwao.

Vya udongo ndo usiseme. Herufi TD zimegongwa na mafundi wengi sana wa nchi tofauti, ilianza kama herufi za mtu ikageuka kuwa kama aina ya kiko, sasa anayeokota kipande cha TD akasema amempata fundi anatuchekesha. Huko Gouda Uholanzi alama ya kisiginoni (kile kinundu chini ya bakuli) ilikuwa mali, inarithiwa, inauzwa, inakodishwa, alama moja imepita kwa mabwana kibao. Na herufi RT za Bristol, Uingereza, kulikuwa na mafundi watatu wa jina moja, Robert Tippet baba, mwana na mjukuu. Mwaka 1954 mwanaakiolojia Harrington alionyesha kwamba tundu la shina linazidi kuwa jembamba kadiri miaka inavyoenda, ukipima tundu kwa ncha za keekee unapata makisio ya umri, ila hiyo ni ya rundo la vipande, kipande kimoja hakikwambii kitu.

Kwanini najua haya na roho inauma? Kiko cha babu yangu nilikisugua mwenyewe. Nilitaka king'ae, nikachukua msasa laini nikapitisha shina lote, nikafurahi, wiki moja baadae ndo nasoma kwamba pale pa kusoma ni palepale nilipopasugua. Leo kina nusu ya duara na kitu kama herufi N, au labda M. Kila nikikishika nakigeuza kwenye tochi kama kuna siku litarudi lile neno.

Kwahiyo ombi langu ni dogo Mhariri. Mkipiga picha kiko tena msituonyeshe bakuli tu, pigeni shina pande zote mbili na chini kabla mwenye nacho hajakisafisha, mtuwekee na picha ya pete kwa karibu, na kama mwandishi kajua fundi aseme kamjulia wapi, kwenye mti, kwenye pete au kwenye mdomo.

Ni mimi msomaji wako,
Mwenye kiko kisicho na jina