Salamu za maua na mvinyo mpya kutoka Athens

Ndugu, jamaa na marafiki wapendwa, nawasalimu nyote kwa upendo. Poleni na mwaka. Huku nako tumebanwa. Mafuta ya zeituni, kitu cha humuhumu, siku hizi tunayapima kwa kijiko.

Hata hivyo milozi imechanua, na huu ndio msimu wa Anthesteria, sikukuu ya kale ya maua na mvinyo mpya. Waathene wa kale waliisherehekea tarehe 11 hadi 13 ya mwezi wao Anthesterion. Siku ya kwanza walifungua mitungi ya mvinyo mpya, wakammiminia mungu wao Dionysos kabla ya kuonja, na watumwa nao hawakunyimwa. Siku ya pili kila mtu alikunywa gudulia lake kimyakimya, na watoto wa miaka 3 wakavikwa mataji ya maua. Siku ya tatu ilikuwa ya marehemu: nafaka za kila aina zilipikwa chungu kimoja, na aliye hai hakugusa.

Nilikwenda makumbusho kuviona vigudulia vya watoto wale. Kimoja hakizidi shubiri. Kimechorwa mtoto anatambaa, uzi wa hirizi umemkata kifuani, anafuata kigari chake. Vingine vilitolewa makaburini, walizikwa navyo. Nilisimama pale hadi mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Mwanetu angetimiza miaka 3 mwezi huu.

Tangu msiba ule, watu wema kabisa wanakwepa kumtaja. Lakini Jumamosi ya kuwaombea marehemu, jirani yangu, mama wa makamo, aliniletea sahani ya ngano ya kuchemsha, imenyunyiziwa sukari na punje za komamanga. Akataka jina la mtoto, akalitaje kanisani. Nililia, na nililala vizuri usiku ule.

Basi ndugu zangu, tuwataje marehemu wetu! Msiogope kumliza mfiwa, tayari analia. Mkiandaa meza ya sikukuu, mwiteni mjane, mwiteni yatima, na dada wa kazi asile jikoni peke yake. Na mliojaliwa watoto, wavisheni maua wangali wadogo, hata kama mfukoni hamna kitu.

Nawatakieni heri, afya na baraka tele. Mungu awalinde, atukutanishe tena salama.

Bibi nampa shikamoo. Mwambieni ile kofia aliyomfumia mtoto ninayo, naifua na kuianika kila jua likitoka.