Kwa nini Kigoma ni "mwisho wa reli"

Ndugu Mhariri,

Juzi mjukuu wangu alirudi shuleni amenuna. Wenzake wamemwambia Kigoma inaitwa "mwisho wa reli" kwa sababu ni huku kusikofika mtu. Iliniuma. Nikamshika mkono hadi stesheni, nikamwonyesha reli inavyokomea jirani kabisa na ziwa.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika hapa 1914. Meli yetu ya Liemba iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa treni, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915. Mtoto alitoa macho: "Meli ilipanda treni, babu?" Ndiyo, ilipanda!

Mwanza wakisema jiji la miamba, mgeni anainua macho tu anaelewa. Jina letu linahitaji kuelezwa. Naomba wahusika waweke kibao pale stesheni, kwa Kiswahili, maandishi makubwa, kimo cha mtoto.

Mkazi wa Mwanga,
Kigoma